Siku Nilipoisikia Hofu Yangu Nyuma ya Mlango wa Lifti

Vijana wa karakana waliniomba niandike kuhusu mashine. Walisema nimestaafu na ujuzi mwingi kichwani, na itakuwa hasara nikienda nao Kimilili kupanda mahindi. Nimejaribu mara kadhaa. Kila nikianza na mota na breki, najikuta naandika kuhusu tumbo langu na mabega yangu. Nimeacha kushindana. Habari za mota mtazipata katika vitabu vya waliozitengeneza. Haya mengine mimi sikupewa kitabu.

Nilikuwa fundi wa lifti tangu ujana wangu, nyingi zikiwa katikati ya jiji na baadaye huku Ngong Road na Lavington, majengo yalipoanza kurefuka. Siku ya kwanza sikuruhusiwa kugusa chombo chochote. Nilikabidhiwa kwa Fundi Bakari, mtu wa Mombasa, mwembamba, mwenye kofia ya vito chini ya helmeti. Kiswahili chake kilinitia aibu ya kufungua mdomo. Nikisema "kitu yangu" yeye hujibu "kitu changu" bila kuniangalia, kama mtu anayekaza nati iliyolegea, kisha anaendelea na kazi.

Alinipandisha juu ya paa la lifti ndani ya jengo kuukuu karibu na soko. Giza, harufu ya grisi, na waya nene za chuma zikipanda mpaka macho yanaposhindwa. Alinionyesha swichi ya kuzima kila kitu, kisha akanionyesha kile chuma kizito kinachoning'inia upande wa pili, kinachoshuka lifti inapopanda.

"Watu wadhani lifti ikiharibika huanguka," akasema. "Lifti tupu haianguki. Chuma kile ni kizito kuishinda. Siku breki ikikuhini, bwana mdogo, hii haitakuangusha. Itakupandisha."

"Mpaka wapi?"

Akamulika tochi juu, kwenye dari ya zege. "Mpaka pale."

"Sasa mtu anafanya nini?"

"Alala chali, awe bapa kama chapati. Pa kukimbilia hapana."

Hilo ndilo lilikuwa somo la usalama. Siku hizi mnapewa semina ya siku nzima na chakula cha mchana, na ninyi ndio mna bahati, lakini sijasikia semina iliyosema zaidi ya hapo.

Kitu kingine nilichojifunza kwake kilikuwa sauti. Stima ikipotea na watu wakakwama, mafundi wengi hukimbilia chumba cha mota wakimwacha aliyekwama akipiga mlango kwa viatu. Bakari alituma mmoja juu, na yeye mwenyewe akaketi sakafuni mbele ya mlango uliofungwa. "Mtu aliyekwama hana haja na habari za mota," alikuwa akisema. "Ataka kujua kama wewe bado upo." Angeuliza jina. Angeuliza mtu amekula nini asubuhi. Angemwambia hewa inaingia, lifti si chupa. Angemwambia atoe pumzi polepole kama anapoza chai. Na kila baada ya muda mfupi, hata akiwa hana la kusema, angesema, "Mimi nipo."

Niliishika kazi hiyo nikaipenda kuliko spana. Nimezungumza kupitia mlango na wakili, na tarishi, na mama aliyekuwa na kuku ndani ya kikapu, na bibi harusi aliyekuwa njiani kufunga ndoa ofisini. Bibi harusi alitulia mapema. Bwana harusi ndiye alikuwa akipanda na kushuka ngazi akilia, na nadhani nilikuwa nimeketi upande usiofaa wa mlango.

Bakari alistaafu akarudi Mombasa, na baada ya miaka akatangulia mbele ya haki. Mimi nikawa ndiye fundi mkuu wa zamu yetu. Mwenzangu wa karibu alikuwa Mutua, mtu wa Machakos, mkubwa kama kabati, mpole, asiyezungumza mpaka awe na sababu.

Siku hiyo tulikuwa katika jengo la ofisi mjini. Nilikuwa juu ya paa la lifti, ghorofa za kati, nikiangalia reli. Mutua alikuwa chini mlangoni kuzuia watu. Sikuwa nimegusa kitufe. Nikahisi paa linanisukuma nyayo, polepole, halafu si polepole. Breki ilikuwa imelowa mafuta, tulikuja kujua baadaye. Nilibonyeza kitufe chekundu na hakikusaidia, kwa sababu kazi ya kitufe hicho ni kuiita breki, na breki ndiyo iliyokuwa haipo. Milango ya ghorofa ikanipita mmoja baada ya mwingine. Nikalala chali.

Dari ilikuja. Niliona alama za mbao walizomwagia zege wajenzi, nikaona msumari uliosahauliwa humo. Kisha kile chuma kizito kikafika chini kikagonga springi zake, jengo zima likalia, na lifti ikasimama. Kama ningenyoosha mkono ningegusa ule msumari. Sikunyoosha.

Sikuumia hata ukucha. Mutua alikuja mbio ngazi zote, yeye na walinzi wakanitoa. Jioni hiyo karakanani walininunulia chai na mandazi, mtu akasema Simiyu amezaliwa mara ya pili, tukacheka sana. Jumapili nilitoa ushuhuda kanisani na watu wakapiga makofi. Kesho yake nilikuwa kazini. Nilijivunia hilo. Sote tulijivunia.

Ingekuwa rahisi kuelewa kama mambo yangeanza wiki hiyo. Hayakuanza. Miezi ilipita nikiwa mzima kabisa, na ndiyo maana yalipokuja sikuyatambua yametoka wapi.

Yalianzia tumboni, jioni za Jumapili. Tunakaa Riruta, juu kidogo ya Dagoretti Corner, na Jumapili mama watoto hupika vizuri. Nikikaa mezani tumbo linajikunja kama kamba inayofungwa fundo. Nikalaumu kabichi. Kabichi ikaondolewa nyumbani mwetu, na fundo likabaki. Kisha mate yakaanza kunikauka asubuhi nikivaa ovaroli, ulimi unashikamana na meno. Nikanunua chupa ya maji.

Halafu ikaja kuangalia. Fundi mzuri huzima swichi, akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akajaribu tena kuhakikisha. Mimi nilikuwa nikijaribu, nashuka ngazi, narudi kujaribu, nashuka, narudi. Ufunguo uko mfukoni, naushika kwa vidole, na bado najiambia pengine sikufunga. Mutua aliketi ngazini akinisubiri bila neno. Wengine walisema Simiyu amekuwa makini sana. Nilikubali sifa hiyo. Ilikuwa afadhali kuliko jina lake halisi, ambalo sikulijua.

Na hasira. Binti yetu Nafula alifunga mlango wa jikoni kwa kishindo, nikamfokea mpaka akalia, mtu mzima mwenye kazi yake. Kanisani nilihama kiti changu cha miaka nikaanza kukaa nyuma karibu na mlango, kwa sababu pale mbele kuna roshani juu na dari yake ni ya chini. Nilisema ni kwa ajili ya hewa.

Mama Nafula ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa akianika nguo, akanitazama nikipita uani.

"Baba Nafula, siku hizi mabega yako yanakaa karibu na masikio. Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu."

"Basi shusha."

Nikashusha. Nilipofika getini yalikuwa yamepanda tena.

Kuna siku tulikuwa Lavington, katika jengo lile ambalo walinzi huandika majina ya mafundi lakini si ya wageni. Mutua alikuwa chini kabisa ndani ya shimo, akifuta mafuta. Mimi nilikuwa juu ya paa la lifti, ghorofa mbili juu yake. Akimaliza anatoka, anasema nimetoka, najibu nimesikia, ndipo nashusha. Hatukuwahi kulikosea hilo.

Nilikuwa na kidole juu ya kitufe cha kushuka. Moyo ulikuwa ukienda mbio bila sababu, mikono imeingia ganzi, na masikioni kulikuwa na mvumo kama wa mota ingawa mota ilikuwa imelala. Na sikukumbuka kama Mutua ametoka. Nilimsikia akisema nimetoka, lakini pengine ilikuwa jana. Pengine ilikuwa sauti yangu mwenyewe. Kichwa kikasema, shusha, amesema. Kingine kikasema, hajasema.

Nikaondoa kidole. Nikaketi. Kisha sauti ya Mutua ikapanda kutoka shimoni, ya kawaida kabisa.

"Fundi, nitoke ama bado?"

 Nilizima swichi kuu ya pale juu nikaishikilia kwa mikono yote miwili. Alipotoka na kuniona alisema nimefanana na jivu. Nikamwambia ni malaria.

Hapo nikaamua kwamba nina ugonjwa wa moyo. Nilikwenda hospitali, nikalazwa kitandani, wakanibandika nyaya kifuani. Daktari, kijana mwenye heshima, alisoma karatasi akasema moyo wangu ni mzima.

"Mzee, una wasiwasi wowote? Mawazo mengi kazini?"

"Mimi? Hapana. Mimi ni fundi."

Sijui nilidhani jibu hilo lina maana gani. Nilienda hospitali nyingine, nao wakasema moyo ni mzima, na nikatoka nimeudhika kana kwamba wameniibia.

Basi nikafika siku ile. Ilikuwa mchana, mjini, stima imepotea mtaa mzima na jenereta ya jengo imekataa kuwaka. Mtu mmoja alikuwa ndani ya lifti kati ya ghorofa mbili. Mutua akapanda chumba cha mota kuishusha kwa mkono. Mimi nikaketi sakafuni mbele ya mlango.

"Sasa, ndugu. Mimi naitwa Simiyu, ni fundi. Wewe unaitwa nani?"

"Brayo." Sauti ilikuwa ya mtu mzima lakini nyembamba. "Fundi, nitoe. Nakufa. Moyo unataka kutoka."

"Hufi, Brayo. Hewa inaingia. Mimi nipo. Niambie unasikia nini mwilini."

Hilo swali nilikuwa nimeuliza watu wengi. Huwasaidia, kwa sababu wakitaja wanaacha kupiga mlango.

"Mikono imekufa ganzi," akasema. "Mdomo umekauka. Kuna kelele kwa masikio. Tumbo imejifunga. Na najua hii kitu haitaanguka, najua kabisa, lakini mwili haiskii."

Nilifungua mdomo kumjibu. Maneno niliyokuwa nayo tayari yalikuwa haya: ndugu, hiyo si moyo, hiyo ni hofu, mwili umeogopa na unapiga kengele zake zote, itapanda na itashuka. Nimeyasema maneno hayo miaka mingi. Na sikuyasema, kwa sababu niliyasikia yakisemwa kwangu. Mikono, mdomo, masikio, tumbo. Mtu huyu alikuwa akinisoma, kupitia mlango wa chuma, bila kuwahi kuniona.

"Fundi?" Brayo akaita. "Fundi, uko?"

"Nipo." Sauti yangu ilikuwa imepasuka. "Brayo, hiyo si moyo. Hiyo ni hofu. Naijua."

"Unajuaje?"

"Mimi pia ninayo."

Sikuwa nimewahi kulisema hata peke yangu. Nilimwambia mtu nisiyemjua, juu ya sakafu ya jengo la watu. Tukatoa pumzi pamoja, yeye upande wake na mimi upande wangu, tukipoza chai isiyokuwepo. Lifti ilipofika na mlango ukafunguliwa, alitoka mwanamume wa makamo, tai imelegea, jasho limemlowesha. Akaniangalia akaona nami nimelowa vilevile. Tulishikana mikono kwa muda mrefu kuliko watu wasiojuana. Akaenda zake, na mpaka leo sijamwona tena.

Kumwambia Brayo kulikuwa rahisi. Kumwambia bosi hakukuwa. Mhandisi Wangeci ni mwanamke wa haki, lakini fundi wa lifti anayesema anaogopa lifti ni kama mpishi anayesema anaogopa moto. Nilifikiri ataniambia niende nyumbani. Nilifikiri pia juu ya Mutua ndani ya shimo, na kidole changu, na hilo ndilo lililonisukuma mlangoni kwake.

Nilimweleza yote. 

"Tangu ile siku ya breki?"

"Nadhani. Sikujua ni hiyo."

"Na sisi hatukuuliza," akasema. "Tulikunywa chai tu." Kisha akasema, "Simiyu, kuanzia leo hupandi. Utakaa karakana mpaka uwe sawa. Na utaona mtu. Sio daktari wa moyo."

Nilikaa karakanani nikitengeneza roli za milango na kupaka grisi. Niliona aibu. Vijana walipita wakisema "niaje fundi" kwa sauti ya chini, kama watu walio matangani. Mtu niliyetumwa kwake alikuwa Bi. Adhiambo, mshauri mwenye chumba kidogo juu ya maduka, Adams Arcade. Nilijiandaa kuulizwa habari za utotoni. Hakuuliza.

"Ikianza, inaanzia wapi?" ndilo swali lake la kwanza.

Nikamwambia kifuani. Akasema hapana, kifua ni mwisho, hapo tayari imefika. Inaanzia wapi?

Ilinichukua wiki kulijibu. Nyinyi mnajua kwamba mota haifi ghafla, hutoa sauti fulani kwanza, na fundi ni yule anayeisikia wakati wengine bado wanapanda na kushuka. Mimi nilikuwa nasikia mota za jiji zima isipokuwa hii moja. Nikaanza kuisikiliza. Nikagundua kwamba kabla ya moyo huja hasira, na kabla ya hasira huja ule uchu wa kurudi kuangalia kufuli, na kabla ya hapo mabega hupanda, na kabla ya mabega, mapema kabisa, naacha kusikia mtu anachoniambia. Naona midomo yake tu. Kwangu huanzia hapo. Kwako itaanzia kwingine. Itafute ukiwa bado chini, si ukiwa juu ya paa.

Bi. Adhiambo hakuiondoa. Aliniambia wazi kwamba pengine haitaondoka yote. Alinifundisha kuitaja kwa sauti inapoanza, mbele ya mtu, na kungoja. Aliniambia pia nimsimulie Mama Nafula ile dari, kwa sababu sikuwahi. Nilimsimulia jikoni. Nilipofika kwenye msumari aliacha kukatakata sukuma wiki, akaweka kisu chini, akasema, "Kumbe hukurudi siku ile. Nilipewa mwili tu." Tukakaa pale mpaka maji yakakauka sufuriani.

Nilirudi kupanda. Mara ya kwanza nilifika juu ya paa, nikamwambia Mutua kwa sauti, "Imeanza, ngoja." Akangoja. Ikapanda, ikashuka. Nikafanya kazi.

Kabla sijastaafu, Mhandisi Wangeci aliniomba nizungumze na mafundi wote asubuhi moja. Nilisimama kati ya mabati na waya, nikasema haya niliyoandika hapa, kwa ufupi zaidi na kwa aibu zaidi.  Nilipomaliza mmoja akatania kwamba yeye hofu yake ni mama mkwe, tukacheka, wakaanza kubeba masanduku yao ya vyombo.

Nilikuwa stoo nikirudisha tochi nilipoona mlango umejaa. Alikuwa Mutua.

"Fundi," akasema, "ile siku ya breki. Niliita."

"Uliita?"

"Nilikuwa nasimama hapo chini. Nikasikia kishindo. Nikaita, Fundi! Hukujibu. Nikaita tena. Ngazi zote nimepanda nikiita, na wewe umenyamaza."

Ni kweli. Sikuwa na pumzi ya kujibu. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu alikuwa upande wa pili wa ule ukimya.

"Nilijua nakuja kuokota maiti," akasema. Mikono yake mikubwa ilikuwa ikizungusha kofia. "Sasa siku hizi nikiita mtu asijibu, hata mke wangu akiwa jikoni, mwili yote inakufa. Naenda kumwangalia mtoto akilala kama anapumua. Na ni kijana mkubwa, Fundi. Ananiuliza, baba, unataka nini. Sijui nimwambie nini."

Miaka yote hiyo alikuwa akiketi ngazini akinisubiri nijaribu kufuli. Nilidhani ana subira.

Sikumpa hotuba. Nilifunga stoo, nikamwomba Mhandisi ruhusa, tukatembea pamoja hadi kituo cha matatu. Nilimfikisha Adams, nikapanda naye mpaka mlango wa Bi. Adhiambo. Aliniuliza kama nitaingia naye. Nikasema hapana, lakini nitakuwa hapa kwenye benchi, na akiita nitajibu.

Alikaa ndani muda mrefu. Kupitia ukuta nilisikia sauti yake, mtu huyu asiyezungumza, ikienda na kwenda, ikisimama, ikiendelea. Mara moja tu aliita, "Fundi?" Nikasema, "Nipo." Akaendelea.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu na kofia ilikuwa imepoteza umbo. Alisimama akitazama magari ya Ngong Road kama mtu aliyeshuka katika jiji asilolijua.

"Fundi," akasema, "nasikia njaa sana."

Tukavuka barabara tukala chapati na madondo. Aliagiza mara ya pili.